Leso Si ya Mafua Tu

Mhariri aliniomba niandike jinsi jioni yetu ya utamaduni ilivyofana. Ilifana kweli, pilau lilikwisha kabla hata ya saa tatu usiku. Lakini kuna jambo lilitokea wakati wa maandalizi ambalo halijanitoka moyoni, na mkosaji ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sifa za pilau nawaachia wengine.

Kama mnavyojua, Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, UNESCO waliitangaza mwaka 2021. Sasa Julai hapa Doha nani yupo? Joto ni lile, na wengi tumesharudi nyumbani. Ndiyo maana sisi tunaifanya yetu mapema, kabla ya mitihani. Safari hii nilipewa meza ya mavazi. Nikakaa na kalamu na karatasi, naandika nani analeta nini. Mganda mmoja akasema ataleta gomesi ya dada yake. Mtanzania mwenzangu akasema kanga doti nne. Akafuata dada mmoja wa Mombasa, mwaka wa kwanza, mtu wa maneno machache, akasema, "Mimi nina leso sita, mamangu alinipa nilipokuwa naja huku."

Nikainua kichwa. Nikamwambia, "Leso sita? Kwani nani ana mafua?"

Jamani, chumba kizima kilicheka. Watanzania ndio tuliocheka zaidi. Mwingine akadakia kwamba zipelekwe jikoni, wapishi wakafutie jasho. Yule dada akatabasamu kidogo, akasema "haya, sawa", akafunga mkoba wake. Siku yenyewe hakuonekana. Meza yangu ikawa na kanga za Dar na vitenge, na mbele yake kadi niliyoiandika kwa mkono wangu kwa herufi kubwa: KANGA, VAZI LA ASILI LA WASWAHILI.

Kwa wale ambao utani haujawaingia: kwetu Tanzania leso ni kile kitambaa kidogo cha mfukoni, cha kupengea mafua na kufutia jasho. Kenya, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka huko bara, leso ndiyo kanga yenyewe, ile ya kujifunga na kujitanda, ya kubebea mtoto. Kitambaa cha mafua wao wanakiita hanchifu, au kitambaa tu basi. Kwa hiyo dada wa watu alisema ana kanga sita alizopewa na mama yake, mimi nikasikia ana vitambaa sita vya makamasi.

Ningekuwa nimeshasahau, maana utani wa Mkenya na Mtanzania ndio chumvi ya jumuiya yetu. Ila saa mbili ya usiku ule alisimama mezani kwangu binti mmoja wa Oman, tunasoma naye somo moja. Akaishika ile kanga, akaikunjua, akasema kwa Kiarabu, "Hii mbona leso!" Nikamwuliza amesemaje. Akarudia: leso. Kwao, akasema, wanawake wanaliita hivyo lile tandio la rangi rangi la kichwani, na bibi yake ana sanduku zima. Akaitazama kadi yangu, akaniuliza, "Kwa nini hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile nikaenda maktaba kutafuta hili neno limetoka wapi, na niliyoyakuta yalinitia aibu zaidi kuliko swali lenyewe.

Leso ni neno la Kireno. Wareno husema lenço, hiyo ç wanaitamka kama s yetu, na maana yake ni kitambaa cha kufuta au cha kufunga kichwani. Lenyewe limetoka Kilatini, kwenye neno la kitani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Fort Jesus wakaanza kuijenga mwaka 1593 na hawakutolewa mpaka 1698, walipotolewa na Waomani. Huku Ghuba nako walikuwepo: Muscat walikaa mpaka 1650, Hormuz mpaka 1622, Bahrain, hapo jirani yetu kabisa, mpaka 1602. Walituachia meza, bendera, kasha, mvinyo, karata. Walituachia pia gereza, ambalo kwao lilikuwa igreja, yaani kanisa. Fort Jesus ilikuwa na kanisa ndani, na baadaye Waingereza wakaifanya ngome hiyo hiyo kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Kanisa kuwa gereza! Baada ya hapo, kitambaa cha kichwani kuwa vazi la mwili mzima ni jambo dogo.

Sasa hiyo leso ndogo ilikuwaje ikawa kubwa? Simulizi inayojulikana pwani nzima ni hii. Katikati ya karne ya 19, wauza nguo wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wanauza leso za mraba, za pamba, zenye rangi na michoro, zikija zikiwa bado hazijakatwa, ndefu kama utepe. Mwenye duka anakukatia moja moja. Wanawake wakaona mbali zaidi ya mwenye duka. Badala ya kununua moja, wakanunua sita kwa mkupuo, wakazikata tatu tatu, wakaviunganisha vipande hivyo kwa sindano, tatu juu na tatu chini. Ikapatikana nguo moja pana, yenye michoro ambayo hakuna mwingine aliyenayo, kwa sababu kila mtu anachanganya leso zake anavyopenda. Wakaziita leso za kushona. Haukupita muda, wafanyabiashara wakaona hii ni biashara, wakaagiza nguo ya ukubwa ule ule ikiwa imechapwa nzima, haina mshono. Mojawapo ya mitindo ya mwanzo ilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nzito, kama manyoya ya yule ndege kanga. Watu wakaanza kusema leso ya kanga, baadaye kanga tu.

Yaani leso ndiyo mama na kanga ndiye mtoto. Mimi Mtanzania niliyesimama kucheka nilikuwa namcheka mtu aliyeshika jina la kwanza la nguo ile, jina ambalo hata bibi yangu mzaa bibi, kama aliwahi kufika mjini kununua nguo, huenda alilitumia. Sisi tulilichukua jina la mtoto tukalipa nguo kubwa, tukamrudishia mama kile kitambaa kidogo alichoanza nacho. Mombasa wao hawakubadili. Na Waganda wanasema lesu. Ngazija nako wanasema leso. Ukihesabu vizuri, kwenye ile meza yangu aliyekuwa peke yake ni mimi na kadi yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Zile leso za kushona zilipotokea, siyo kila mwanamke wa pwani aliruhusiwa na hali yake kuvaa. Wanawake waliokuwa watumwa walivaa merikani na kaniki. Merikani, kwa wasioijua, ni ile pamba nzito isiyopaushwa, iliyokuja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Marekani iliandikiana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na nguo yao ikaenea mpaka Ziwa Tanganyika, ikawa pesa kabisa: misafara ililipia hongo kwa nguo hiyo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vilipokata pamba, viwanda vya Bombay na vya Uingereza vikashika soko, lakini watu wakaendelea kusema merikani hata kama imefumwa India. Na pamba ya hiyo nguo ya kwanza, kumbukeni, sehemu kubwa ilichumwa na Waafrika watumwa kusini mwa Marekani, kisha ikaja kuvishwa Waafrika watumwa wa Unguja. Ikichafuka weupe wake, inachovywa kwenye nili inakuwa nyeusi ya bluu, ndiyo kaniki.

Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika mpaka 1922 chini ya Waingereza. Katika miaka hiyo wanawake waliotoka utumwani walizikimbia kaniki kama ukoma. Akipata senti mbili tatu, anakwenda dukani anachagua ya rangi, anajifunga, anapita mtaani. Nguo ilikuwa inasema: mimi sasa si wa mtu. Walikuwa hawajaanza hata kuchapa maneno juu yake. Maneno yalikuja baadaye, na hapo duka linalotajwa sana ni la Kaderdina Hajee Essak, lile la mwaka 1887 huko Mombasa, ambalo kanga zake zinajulikana mpaka leo kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha ndiyo zikaja hizi tunazosoma sasa. Pindo, mji na jina: mpaka leo huwezi kuuza kanga isiyo na vitu hivyo vitatu.

Kwa hiyo mtu anaposema leso, anataja jina ambalo wanawake wale walilitumia walipokuwa wananunua heshima yao kwa pesa yao wenyewe. Mimi nikalifanyia utani wa mafua.

Haya, najua yatakayosemwa. Rafiki yangu mmoja, naye ni mwalimu wa Kiswahili kabla hajaja kusoma huku, nilipomweleza akasema, "Sikiliza ndugu yangu, yote hayo ni historia, lakini Kiswahili sanifu ni kanga. Leso ni lahaja." Tumebishana naye kwenye metro kutoka Msheireb mpaka Education City, na nafikiri abiria wengine walidhani tunagombana.

Mimi sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Bila hicho Mtanzania wa Ngara na Mkenya wa Kisumu wasingesikilizana redioni. Lakini tukumbuke kilivyopatikana. Mwaka 1928 walikutana wakubwa wa kikoloni na wamisionari, na mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa! Wakakaa Mombasa wakachagua lugha ya Unguja. Kabla ya hapo wamisionari wa Mombasa walikuwa wanaandika Kimvita, wa Zanzibar wanaandika Kiunguja, kila mmoja anaona cha kwake ndicho. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kimvita hakikushindwa kwa sababu ni kibovu. Ni lugha ya Muyaka bin Haji, na anayetaka kumwambia Muyaka kwamba alikuwa anakosea, aende.

Tena rafiki yangu nilimwuliza swali moja akanyamaza mpaka tukashuka. Shuka ni nini? Kwetu ni lile la kitandani. Na Mmasai amevaa nini? Shuka. Umewahi kumsikia Mtanzania akimcheka Mmasai kwamba amevaa kitanda? Hakuna. Zamani za misafara shuka ilikuwa kipimo cha merikani, mikono minne, na doti mikono minane, na doti yenyewe ni neno la Kihindi la vazi la kiunoni la wanaume. Leo doti ni kanga pea moja. Haya yote tunayameza bila maji. Ila Mkenya akisema leso, tunaanguka kwa kicheko. Hapo shida si maana ya neno. Shida ni nani amelisema.

Na hili niliseme wazi kwa sababu linaumiza jumuiya yetu. Sisi Watanzania hapa Doha tumejipa kazi ya ukaguzi wa Kiswahili. Mkenya akifungua mdomo tunamsahihisha ngeli. Mganda akijaribu tunamwonea huruma. Mkongomani wa Goma akisema kikwembe, tunamwuliza mara tatu anamaanisha nini, na huku tunajua fika kwamba ni kitenge. Halafu mwisho wa mwaka tunalalamika kwenye mkutano kwamba wenzetu wanaongea Kiingereza kwenye vikao. Wataongeaje Kiswahili wakati kila sentensi inapitia forodha? Nimehesabu, tangu siku ile ya leso kuna wanachama watatu wapya ambao kwenye vikao wanatumia Kiingereza tu, na mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akizungumza Kiswahili kitamu kabisa kwa simu na mama yake, nje, karibu na mashine ya maji.

Wakenya nanyi msianze kushangilia. Kuna kaka mmoja alinisikia nikilieleza jambo hili akasema, "Unaona! Leso ndiyo Kiswahili asilia, kanga ni jina la kampeni za siasa Tanzania." Asilia gani, kaka? Leso ni ya Mreno! Kanga angalau ni ndege wetu wa porini. Na hiyo kanga asilia yenyewe imechapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani, kisha Urafiki ya Dar es Salaam iliyojengwa na Wachina mwaka 1968, na nyingi za leo zinatoka India na China. Ile kadi yangu iliyoandika VAZI LA ASILI nayo nimeifikiria upya. Asili ya nguo hii ni wale wanawake na sindano zao, vitu vingine vyote vilikuja na meli. Sasa mtu akija mezani kwetu akatuambia, eti, nguo yenyewe ni ya Kihindi na jina ni la Kireno, nyie chenu ni kipi, tusibabaike. Tumwambie habari ya leso sita zilizoshonwa. Nenda pale Souq Waqif kwenye maduka ya vitambaa, mwambie mwenye duka akukatie leso sita ambazo hazijakatwa, halafu fikiria ni nani wa kwanza aliyewaza kuziunganisha.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa kamati ijayo. Kadi za meza ya mavazi ziandikwe na mwenye kuleta nguo, kwa jina analotumia mama yake. Kama ni leso iandikwe leso, kama ni lesu iandikwe lesu, kama ni kikwembe hivyo hivyo. Wageni wakiuliza kwa nini nguo mbili zinazofanana zina majina tofauti, ndiyo nafasi yetu ya kuwasimulia, na hadithi tunayo. Pili, ukaguzi wa ngeli ukome kwenye vikao. Anayetaka kusahihishwa ataomba mwenyewe. Mwalimu wangu wa metro amesema atapinga hili la pili kwenye mkutano mkuu, na mimi nimemwambia aje tu.

Lililobaki lilikuwa la kwangu peke yangu. Juzi nilimfuata yule dada, nilimkuta kwenye mkahawa wa chuo anakula peke yake na kitabu mbele yake. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa lile neno la siku ile. Nikamweleza habari za Wareno, za sindano, za kaniki, nikajisikia nahutubia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akaniambia kwamba zile leso sita, tatu kati yake mama yake alizinunua Biashara Street wiki aliyopata barua ya kukubaliwa chuo, na tatu zilikuwa za marehemu nyanyake, mojawapo ni kisutu ya harusi. Alitaka kuileta ile kisutu mezani. Aliifua kwa mkono kwenye beseni la hosteli, akaianika ndani kwa sababu ya vumbi.

Nikakosa la kusema. Nikamwuliza kama mwakani ataweza kuileta.

Akafunga kitabu chake, akanitazama vizuri, akauliza, "Mafua yashapona, kakangu?"